Mangi hauawi na supamaketi

Kuna jambo nimekuwa nikiliona kwa miaka sasa katika mitaa ya Dar es Salaam, kuanzia Sinza mpaka Mbagala. Supamaketi ikifunguliwa barabara kuu, yenye kiyoyozi, vitoroli na mlinzi mlangoni, watu wa mtaa huanza kumhurumia Mangi. "Mangi kwisha habari yake," wanasema. Mwaka unakatika, Mangi yupo palepale nyuma ya nondo zake, redio inaunguruma. Lakini akija Mangi wa pili akafungua hatua ishirini kutoka kwa wa kwanza, kisha wa tatu ng'ambo ya barabara, wote wakiuza sukari, unga, mafuta na vocha, haipiti miezi mingi mmoja wao anashusha mlango na fremu inabandikwa karatasi: "Inapangishwa."

Msomaji wa nje ya Dar aelewe kwamba Mangi ninayemsema ni muuza duka wa mtaani. Jina limetoka kwa Wachaga, lakini siku hizi hata Msukuma au Mndengereko akisimama nyuma ya dirisha la duka anaitwa Mangi, na anaitika.

Msimamo wangu ni huu. Mfanyabiashara mdogo anaweza kushindana na kampuni kubwa, na katika mambo kadhaa anaizidi. Kinachomshinda ni kuishi na wadogo wenzake bila kuuana. Anaiga duka la jirani mpaka rangi ya ukuta. Anakwenda kununua mzigo peke yake, anakopesha bila kuandika, halafu biashara ikianguka lawama anaitupia supamaketi, au Mchina, au Serikali. Hao nao wana makosa yao na nitawafikia. Ila tuanze nyumbani.

Wakubwa nao wanakufa

Tumezoea kudhani kwamba duka kubwa ni mwamba. Historia ya karibu hapa kwetu inasema vingine. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka Tanzania mwaka 2014, na maduka yake yakanunuliwa na Nakumatt ya Kenya. Uchumi, ambayo ilianzishwa Kenya mwaka 1975 na ilikuwa fahari ya nchi ile, ilifunga maduka yake yote ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Nakumatt yenyewe, ambayo wakati mmoja ilikuwa na matawi zaidi ya sitini katika nchi nne za Afrika Mashariki, ilianza kuishiwa bidhaa rafuni, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Tuskys ikafuata njia hiyohiyo. Shoprite ikaja kuondoka Kenya na Uganda pia.

Ni nini kiliwaua? Duka la mtaani halikuwa miongoni mwa wauaji. Waliuawa na madeni. Walifungua matawi kwa kasi kuliko mapato, wakalipa kodi za majengo ya kifahari, na wakaendesha biashara kwa fedha za watu waliowaletea maziwa, mkate na sabuni. Msambazaji analeta mzigo leo, analipwa baada ya siku sitini, tisini, au halipwi kabisa. Siku msambazaji alipochoka, rafu zikabaki tupu, na mteja hasubiri mbele ya rafu tupu.

Wapo waliokuja na simu badala ya majengo. Kenya ilikuwa na Copia, iliyochukua oda za wananchi wa kipato cha chini kupitia mawakala wa mitaani, wengi wao wakiwa ni wenye maduka haya haya tunayoyazungumzia. Wawekezaji wakamimina fedha, na Mei 2024 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi. Twiga Foods, iliyoanza mwaka 2014 kwa kuwapelekea ndizi wauzaji wadogo wa Nairobi, nayo imepitia misukosuko na kupunguza wafanyakazi. Siwacheki. Walichokiona ni kweli: mteja wa Afrika Mashariki yuko kwa mama mboga na kwa Mangi, wala hayuko kwenye jengo lenye ngazi za umeme. Walichokosea ni hesabu ya gharama za kumfikia.

Turudi nyuma zaidi, maana kuna mkubwa mmoja kuliko wote aliyewahi kujaribu kumwondoa mwenye duka. Mwaka 1976 Serikali yetu iliendesha Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi yakafungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika na ya vijiji. Dola ilikuwa na sheria, polisi, maghala na malori. Bidhaa zikaadimika, foleni zikazaliwa, na ikabidi Serikali ilegeze kamba. Mwenye duka akarudi. Kama dola nzima haikumudu kufanya kazi ya Mangi, kwa nini tumwogope mwenye vitoroli?

Robo kilo na kipande cha sabuni

Nenda ukasimame dukani saa moja jioni, wakati watu wanashuka kwenye daladala. Hutasikia mtu akiagiza kilo tano za sukari. Utasikia: "Mangi, nipe sukari robo, majani ya mia mbili, na mafuta ya mia tano." Mangi anachukua kikopo chake, anachota mafuta kwenye dumu, anayamimina kwenye chupa aliyokuja nayo mtoto, na tone linalobaki mdomoni mwa kikopo analikung'utia humohumo ili mtoto asiseme kapunjwa. Mche wa sabuni anaukata kwa kisu vipande, kila kipande bei yake. Kiberiti, kitunguu kimoja, nyanya ya pakiti, vidonge viwili vya kutuliza maumivu. Akimaliza anapokea fedha kwa simu, anauza LUKU, anamtunzia mama mmoja ufunguo wa nyumba mpaka mwanawe atoke shule.

Supamaketi haiwezi kazi hiyo. Haiwezi kwa sababu kila kitu chake kimefungwa kiwandani, kina namba ya mashine, na mtu wa kaunta haruhusiwi kugawanya chochote. Aliyelipwa kibarua elfu kumi leo hana haja ya mfuko wa kilo tano. Ana haja ya kupika usiku huu, abakize nauli ya asubuhi. Wakenya wanauita uchumi wa kadogo, na viwanda vikubwa vimeuelewa mapema kuliko wasomi wetu. Ndiyo maana siku hizi sabuni ya unga, dawa ya meno na viungo vya pilau vinakuja katika pakiti za kuning'inizwa kwenye kamba juu ya kichwa cha Mangi.

Ni kweli kwamba anayenunua robo robo analipa zaidi kwa kilo kuliko anayenunua mfuko. Maskini analipa ghali. Hilo ni chungu na sitalipamba. Lakini weka na nauli ya kwenda barabara kuu na kurudi, weka saa moja ya foleni, weka kishawishi cha kununua biskuti usizozipangia, halafu piga hesabu upya. Kaya nyingi zimeshaipiga bila kalamu. Mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka, wanakwenda supamaketi kununua vitu vya mwezi. Siku ishirini na tano zinazobaki ni za Mangi.

Hapa ndipo ushindani wa kweli ulipo kwa mdogo: kipimo kidogo, saa ndefu, ukaribu, na kumjua mteja kwa jina na kwa tabia. Kinyozi anashindana na saluni ya kifahari kwa namna hiyo, fundi cherehani anashindana na nguo za kontena kwa namna hiyo, na mama ntilie anashindana na mgahawa wenye menyu kwa sababu anajua kondakta fulani hali maharage. Sasa mwenye duka anayeacha kipimo chake, akakopa fedha aweke vioo, friji la soda linalowaka taa na rafu za kujihudumia, ananunua udhaifu wa mkubwa bila kununua mtaji wake. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kufunga pamoja, kununua kila mtu na lwake

Sasa nifike kwenye donda lenyewe.

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kupinga namna maofisa wa kodi walivyokuwa wakiwakamata na suala la kusajili stoo. Waziri Mkuu akalazimika kwenda kuzungumza nao. Juni 2024 wakafunga tena, na safari hii mgomo ukavuka mipaka ya Dar es Salaam ukagusa mikoa mingine. Soko lenye maelfu ya maduka, yanayomilikiwa na watu wa kila kabila na kila dini, lilizimika kwa siku moja kwa maafikiano. Nani atasema Watanzania hawawezi kuungana?

Wanaungana kufunga. Kununua, kila mtu na lwake.

Tazama mtaa wenye maduka manane. Kila alfajiri ya Jumatatu watu wanane wanatoka kwenda Kariakoo kwa njia nane. Kila mmoja anabembeleza bei kwa mwenye ghala kama mtu wa mifuko miwili. Kila mmoja anakodi kirikuu au guta lake. Tuseme kirikuu mpaka Mbagala anataka elfu arobaini. Akibeba mzigo wa duka moja, elfu arobaini yote inakaa juu ya sukari ya duka moja. Maduka manane yakigawana gari, kila moja linabeba elfu tano. Na mwenye ghala aliyekataa kushusha hata mia kwa mtu wa mifuko miwili, mbele ya mtu wa mifuko kumi na sita atavuta kiti na kuagiza chai. Tofauti hiyo ndiyo faida ya supamaketi. Haina uchawi mwingine. Inanunua kwa wingi, basi.

Ukiwauliza kwa nini hawanunui pamoja, majibu ni yaleyale. Huyu atajua siri ya mtaji wangu. Yule atachukua fedha atokomee. Wale watachagua mchele wa bei rahisi ilhali wateja wangu wanataka wa Kyela. Kuna hata wanaoogopa chuma ulete, kwamba fedha ikigusana na ya jirani itavutwa. Sidharau hofu hizi. Nyingine zina msingi, maana tumeona vikundi vikiliwa na viongozi wake. Ila watu haohao wamo kwenye vikoba. Wake zao wanaweka hisa kila wiki kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hesabu ikisomwa kwa sauti mbele ya wote. Kama sanduku linaaminika kwa mkopo wa ada ya shule, linashindwaje kuaminika kwa mifuko ya sukari?

Wala jambo hili si geni katika ardhi hii. Wakulima wadogo wa kahawa wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikawa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha kwanza nchini. Mkulima mwenye vihamba viwili vya migomba na kahawa hakuwa na sauti mbele ya mnunuzi wa Ulaya. Walipokusanya kahawa pamoja, sauti ikapatikana. Baadaye ushirika uliingiliwa na siasa na wizi, na wengi wetu tumekua tukisikia tu habari za kuoza kwake. Tukasahau kwamba ulipokuwa wa wenyewe ulisomesha watoto na kujenga shule.

Nje pia kuna mfano unaonivutia. Mwaka 1898 jijini Berlin, wenye maduka madogo waliokuwa wakiuza kahawa, sukari, mchele na viungo, yaani bidhaa zilizokuwa zikitoka makoloni, walianzisha ushirika wa kununua kwa pamoja. Nchi yetu wakati huo ilikuwa koloni la hao hao Wajerumani. Vyama vya aina hiyo vikaungana mwaka 1907, na leo jina lao, Edeka, ndilo lililo juu katika biashara ya vyakula Ujerumani. Mpaka sasa maduka yake mengi yanaendeshwa na wenye maduka wanaojitegemea. Kila mmoja ana duka lake, mtaa wake na wateja wake. Mzigo wananunua pamoja.

Si lazima tuanze na vyama vyenye katiba, mihuri na mwenyekiti wa kudumu. Maduka matatu yanatosha. Gari moja, orodha moja, risiti moja inayosomwa na wote. Wengine wakiona nafuu watakuja wenyewe, maana kizuri chajiuza.

Na kuna hili suala la kuigana. Kijana akiona Mangi ana wateja, anakopa na kufungua duka lilelile mkabala naye. Bodaboda wa pili alimwona wa kwanza, wakala wa fedha wa kumi alimwona wa tisa. Mtaa una maduka manane ya unga na hauna mtu wa kushona viatu, hauna anayetengeneza feni, hauna anayeuza mboga zilizokwisha kuchambuliwa kwa ajili ya wafanyakazi wanaorudi usiku. Kinachouzwa mtaani hakiongezeki kwa sababu maduka yameongezeka. Fungu ni lilelile, limegawanywa kwa wengi. Kabla ya kufungua, kijana zunguka mtaa uliza watu wanapanda daladala kufuata nini. Hicho ndicho ulete.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sidhani kama walikuwa wanamsema mtu mwingine zaidi ya mwenye duka.

Mkopo wa Mangi ni silaha ambayo supamaketi haina na haitakuwa nayo. Mama akiishiwa tarehe 20 anamtuma mtoto: "Mwambie Mangi anipe unga, baba akirudi atalipa." Hakuna fomu, hakuna riba, hakuna picha ya kitambulisho. Tangu lini mashine ya kaunta ikajua kwamba baba wa nyumba ile analipwa kila tarehe 28 na hajawahi kukimbia deni? Mkopo huu unafanya kaya ipite mwezi bila kulala njaa. Unamfunga mteja pia kwa Mangi kuliko tangazo lolote la redioni.

Lakini silaha hiyo imewaua wengi walioishika vibaya. Deni linaandikwa nyuma ya boksi la sigara. Jina linakuwa "mama Aisha", na mtaani kuna mama Aisha wanne. Kiasi kinakumbukwa kwa kichwa. Mdaiwa akiona deni limekua anabadilisha njia, anaanza kununua kwa Mangi wa pili kwa fedha taslimu, na Mangi wa kwanza amepoteza unga na mteja kwa mpigo. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Dawa haihitaji kompyuta. Daftari la shilingi elfu mbili, kila mdaiwa na ukurasa wake, tarehe, kitu, kiasi, na sahihi yake au ya mtoto aliyetumwa. Ukomo wa kila nyumba uwekwe na usivukwe hata kwa shemeji. Ukurasa mwingine wa vitu vilivyotoka kwenda kuliwa nyumbani kwa Mangi mwenyewe, maana hapo ndipo tundu kubwa lilipo. Watoto wanachukua juisi, mke anachukua sukari, ada inatoka kwenye droo, msiba unatoka kwenye droo. Hakuna anayejua faida ni ipi na mtaji ni upi. Mwenye duka asiyejilipa mshahara unaojulikana anajilipa mtaji bila kujua.

Mtaji ukishaliwa ndipo anapoingia mikononi mwa mikopo ya kausha damu. Anachukua laki tatu, anatakiwa kurejesha kila siku, mvua inyeshe jua liwake, ameuza hajauza. Anakopa kwa wa pili amlipe wa kwanza. Mambo haya yalifika mahali ambapo Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Jirani mwenye vioo barabara kuu hahusiki na kifo cha namna hiyo.

Upo pia mkopo wa kwenda juu, ambao Kariakoo wanauita mali kauli: mwenye ghala anakupa mzigo kwa neno lako, ukiuza ndipo unalipa. Hakuna benki nchini inayotoa masharti mazuri namna hiyo. Anayepewa mali kauli ni mtu mwenye kauli. Akichelewa mara mbili, jina lake linazunguka mtaa wa Kongo na Msimbazi kabla hajafika kwake. Kwa mtu asiye na hati ya nyumba, jina hilo ndilo dhamana yake yote, na daftari safi ndilo linalolilinda.

Mteja naye ana malalamiko

Niseme neno ambalo wenye maduka hawatalipenda. Wapo wateja wanaokwenda supamaketi bila kufuata bei wala kiyoyozi. Wanakimbia kudhalilishwa. Wanakimbia mizani iliyochezewa, mchele uliochanganywa na chenga, bei inayobadilika kwa kutazama viatu vya mteja, na lile jibu la "chenji hakuna, chukua pipi". Ukutani kumeandikwa "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi" hata kama maziwa yameharibika jana. Supamaketi bei imebandikwa; tajiri na mlalahoi wanaisoma ileile. Hiyo ni heshima, na watu wako tayari kuilipia.

Kubandika bei kunagharimu nini? Karatasi na kalamu. Mzani ulio sahihi unagharimu ukaguzi wa Wakala wa Vipimo ambao kisheria unatakiwa hata hivyo. Kusema "samahani, nimekosea, lete nikubadilishie" hakugharimu kitu. Biashara haigombi, na Mangi anayegombana na mtoto aliyetumwa kiberiti anagombana na nyumba nzima.

Serikali na wakubwa wasijifiche

Nimewalima wadogo vya kutosha. Sasa upande wa pili.

Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni na rejareja. Kariakoo walishangilia. Naelewa kwa nini. Miaka miwili nyuma, Nairobi waliandamana dhidi ya China Square, duka kubwa lililofunguliwa Januari 2023 na kuuza vyombo na vifaa vya nyumbani kwa bei ambazo wachuuzi wa mjini hawakuzimudu. Mwenye kiwanda Guangzhou akishuka mwenyewe kuuza sufuria moja moja, yule aliyekuwa akiishi kwa kununua dazeni na kuuza moja atakula wapi? Lakini tusome amri yetu vizuri: supamaketi hazimo katika katazo la rejareja. Na hata kama zingekuwamo, kumwondoa mgeni hakumfundishi mwenyeji kuandika deni wala kukodi gari pamoja na jirani. Ukuta unakupa muda. Swali ni utautumiaje.

Ninachotaka zaidi kutoka kwa Serikali ni ulinzi wa mdogo anayemuuzia mkubwa. Mama anayetengeneza achari, kijana anayefunga asali, kiwanda kidogo cha mtindi, wote wanaota kuona bidhaa yao kwenye rafu ya supamaketi. Wakifika huko wanakutana na masharti: toa punguzo, toa mzigo wa bure wa kuanzia, leta mtu wako apange rafu, subiri malipo. Kenya wameligusa jambo hili kwa mkono. Mwaka 2020 mamlaka yao ya ushindani iliamua kwamba Carrefour ilitumia vibaya nguvu zake dhidi ya msambazaji mmoja wa mtindi, na mwaka uliofuata baraza la rufaa likaunga mkono uamuzi huo. Desemba 2023 mamlaka hiyo ikatoza faini ya takribani shilingi bilioni 1.1 za Kenya katika mashauri mengine mawili, mojawapo la muuza asali. Sisi tuna Tume ya Ushindani iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Ningependa siku moja nisome gazetini kwamba imemsimamia mtengeneza achari wa Tanga.

Halafu kodi. Mfanyabiashara mdogo akitaka kukua anakuta ngazi yenye vipandio visivyolingana. Akiwa chini kabisa anakadiriwa. Akipanda kidogo anatakiwa mashine ya risiti, vitabu, mhasibu, leseni, ushuru wa taka, zimamoto, kila ofisa na siku yake. Kampuni kubwa ina idara nzima ya kushughulika na makaratasi hayo. Mangi anafunga duka ili aende, na siku aliyofunga hakuna kilichouzwa. Wengi wanaamua kubaki wadogo makusudi, au wanagawanya duka moja kwa majina ya ndugu wawili. Ni hesabu nzuri kwao na mbaya kwa nchi.

Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, kisha ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Rai yangu kwa madiwani ni moja. Vikundi vingi huundwa ili kuchukua fedha, na zikishagawanywa kikundi kinakufa jioni ileile. Kitangulizeni kikundi kilichokwisha kununua mzigo pamoja kwa miezi sita, chenye risiti za kuonyesha. Kikundi cha namna hiyo kina kazi hata kabla ya kupata mkopo, na kitakuwa nayo baada ya kuumaliza.

Na wewe mwenye duka unayesoma ukurasa huu uliofungiwa maandazi, Jumatatu hii kabla hujapanda gari la Kariakoo, vuka barabara. Muulize jirani anataka mifuko mingapi.